Mashine Iliyokataa Kufa Namba Tisa

Kila asubuhi ninapominya dawa ya meno juu ya mswaki, kabla hata sijaupeleka mdomoni, nasikia harufu ya plastiki iliyopata moto. Najua haipo. Bafuni kwangu hapa Kahama hakuna kitu cha kuungua. Lakini pua yangu ni mbishi, haikubali kwamba miaka imepita. Dawa ya meno na plastiki ya moto ndizo zilizokuwa harufu za mama yangu nilipokuwa shule ya msingi, kwa sababu mama alisafisha CD za gemu kwa dawa ya meno. Aliisugua kila moja kwa kipande cha khanga mbovu, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala hakuizungusha hata siku moja. Akimaliza aliiinua juu, akaikagua dhidi ya mwanga wa mlangoni, na mimi niliona jicho lake likichungulia katika kile kitundu cha katikati.

Juzi mtoto wa binamu yangu alikaa sebuleni kwangu akinisomea kwenye simu habari za mashine za gemu zilizodumu kuliko zote duniani. Kuna moja ya kaseti kutoka Japani iliyotengenezwa tangu wazazi wake hawajajuana. Kuna PS2, ile nyeusi, iliyoendelea kutoka kiwandani hata baada ya mdogo wake, mashine iliyoifuata, kuzaliwa na kuanza kuzeeka. Nilimsikiliza kwa heshima, kisha nikacheka. Watu hao wanahesabu uhai wa mashine kwa muda ambao kiwanda kiliendelea kuitengeneza. Sisi tulihesabu kwa muda ambao mashine ilivumilia vumbi. Nikamwambia kwamba naifahamu PS2 iliyodumu kuliko zote katika ukanda huu wa dhahabu, na kwamba haikufa kwa uzee. Iliuawa mchana kweupe mbele za watu, kwa nyundo, na aliyeiua ni mama yangu mzazi. Kijana akaiweka simu chini. Nikamweleza nusu tu, maana nusu ya pili si ya kumweleza mtoto. Ninyi nawaeleza yote.

Namba Tisa palikuwa machimbo upande wa Geita, mbali kidogo na barabara ya lami. Hapakuwa kijiji wala mji. Palikuwa na maturubai, vibanda vya mabati, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji yaliyozama chini kuliko kisima chochote, na makarasha ya kusaga mawe yaliyonguruma tangu alfajiri. Karasha likisaga jiwe hutoa vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo, nalo liliingia kwenye ugali, kwenye kope, kwenye nepi za watoto wachanga. Sisi watoto tulikuwa na nywele za wazee. Mashine yoyote yenye feni ilivuta vumbi hilo mchana kutwa mpaka ikasongwa na kunyamaza.

Na watu wa Namba Tisa walipigana kama watu wa kwingine wanavyosalimiana. Walipigania mpaka wa duara, kiroba cha mawe, mwanamke, zamu ya bomba. Niliwahi kumwona mwanaume akikimbizwa kwa panga huku ameshika sahani ya wali, na sahani hakuiachia. Tulizoea. Tulijua panga linalopigwa kwa ubapa linasikika vipi na linalopigwa kwa makali linasikika vipi, na tukisikia la pili tulikimbilia ndani bila kuitwa. Usiku mtu alikufa, asubuhi mama ntilie alimwaga maji mahali pale na kupanga mabenchi yake.

Baba alikuwa amerudi Ushetu kwenye tumbaku na kwa mke mwingine. Mama akabaki na mimi na ile PS2. Aliipata Nyasubi, hapa hapa Kahama, kabla hatujahamia machimboni, alipokuwa akikaanga chapati mbele ya kibanda cha fundi redio. Fundi yule alikuwa akitengeneza huku akizungumza peke yake, na mama alikuwa akisukuma chapati huku akisikiliza. Fundi alipohamia kwenye simu aliigawa ile mashine kama mtu anayegawa paka mzee. Ilikuwa haisomi CD. Mama aliipindua miguu juu, akailaza juu ya matofali mawili, ikasoma. Kuanzia siku hiyo haikuwahi kuchezwa ikiwa wima, na wateja walikuwa wakiona maandishi yake yakiwa kichwa chini.

Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, na ndani palikuwa na tivii ya chogo, jenereta ikiwa nje kwa nyuma, na mabenchi yaliyojaa vijana wa maduara tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Walicheza mpira, walicheza na ile gemu ya wanaume wawili wanaopigana mpaka mmoja anaanguka na damu inaruka kwenye kioo. Mara nyingi ugomvi wa kwenye kioo ulishuka kwenye mabenchi. Masanja, kijana mrefu mwenye kicheko kikubwa ambaye hakuna aliyemfunga, siku moja alimvunja mwenzake meno ya mbele kwa ajili ya penalti. Wote wawili walirudi kesho yake kucheza pamoja, mmoja akipuliza hewa kwenye mapengo kila anaposema "goli". Mimi nilimpenda Masanja. Alikuwa akinipa pedi ya pili, kile kidude cha kubonyeza, nimchezee upande wa wageni, halafu ananifunga bila huruma.

Sasa sikilizeni masharti ya mama. Hakuna kuingia na viatu. Gunia lililoloweshwa maji lilining'inia mlangoni na jingine dirishani, na yeyote aliyelisogeza alitolewa nje. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mama alinyunyiza maji sakafuni kwa mkono, akizunguka chumba. Jua likifika utosini, hata kama vijana walikuwa katikati ya fainali, mashine ilizimwa, ikafunikwa kwa kitambaa cheupe, ikalazwa ipumzike mpaka bati lipoe. CD haikuguswa na mkono wowote isipokuwa wake. Na siku za Jumapili, watu wakiwa kanisani au kwenye pombe, alikuwa akiifungua mashine yenyewe na kulifagia jicho lake, ile lenzi inayosoma CD, kwa unyoya laini wa kuku mweupe aliouchovya kwenye spiriti. Akifagia aliimba kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, nyimbo za kupalilia.

Mkisoma hivyo hapo mlipo mnaona mama mwenye akili ya kupambana na vumbi na joto. Lakini jaribuni kusimama Namba Tisa mkachungulia kupitia tundu la bati. Mtaona mwanamke peke yake, amepiga magoti mbele ya kitu kilichopinduliwa, ana unyoya wa kuku mweupe mkononi, anakiimbia.

Vijana walimwuliza sababu. Mama hakuwaambia, kwa kuwa ng'ambo ya njia kulikuwa na Ngassa, mwenye kibanda kingine cha gemu, na biashara ni vita. Alitabasamu tu akasema, "Hayo ndiyo masharti yake. Ukiyavunja, shauri yako." Niwaambie ukweli, mama alifurahia ule woga waliokuwa nao. Kwa Ngassa pedi ziliibwa kila wiki. Kwetu hakuna aliyeiba hata waya. Woga ulikuwa mlinzi wetu, na haukula wala kulala.

Ngassa alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, mwenye kibanda kizuri kuliko chetu na mashine mpya kuliko yetu. Kila alipokwenda Mwanza alirudi na nyingine inayong'aa. Alizitunza kwa upendo wa kweli. Alizifungia kwenye sanduku la kioo ili vumbi lisiingie, akafunika sanduku kwa blanketi, na mle ndani mashine zikaiva kama viazi. Moja ilikufa, akanunua ya kisasa zaidi, nayo ikafa. Ya mwisho ilitoa moshi mbele ya wateja katikati ya mashindano, na wateja wale wale wakavuka njia kuja kwetu wakicheka. Nilimwona amesimama mlangoni kwake, mikono kichwani, anakitazama kibanda chetu. Mtu anayeshindwa kwa haki bado hupenda kujua ameshindwa na nini, na Namba Tisa jibu lilikuwa karibu.

Jibu lilikuwa ndagu. Kwa msioijua, ndagu ni dawa ya utajiri. Mganga anakupa, nayo inakuja na masharti: huyu haogi, yule analala sakafuni wakati ana kitanda cha mninga, mwingine hapiti njia aliyopitia. Na ndagu kali zaidi, walisema, zinakula watu. Kila mwenye duara lililotema dhahabu alisemwa ana ndagu. Lakini wale walikuwa wanaume, tena wenye wafanyakazi na mapanga. Mama yangu alikuwa mwanamke asiye na mume, mwenye kitu cheusi kisichokufa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na lile lilikuja taratibu. Nilianza kulisikia bombani. Wanawake walioniambia "mwangaluka" kwa furaha walianza kunisalimia wakitazama ndoo.

Kisha mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo, na asubuhi moja duara la akina Masanja likaanguka.

Halikutoa sauti kubwa. Ardhi ilitetemeka chini ya miguu, makarasha yakazimwa moja baada ya jingine, na ule ukimya ndio ulioniogopesha. Watu wazima wote walijua kwamba magogo ya kushikilia kuta za duara lile yalikuwa yamepunguzwa kidogo kidogo kwa ajili ya kuni. Nami niliwahi kuuona moto wake. Lakini siku hiyo hakuna aliyelitaja gogo. Walichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa kucha, na kabla ya saa sita wakawatoa vijana watatu, wakawalaza kwenye turubai. Masanja nilimtambua kwa fulana. Uso haukuwepo wa kutambulika. Mama yake alikuwa amejitupa chini, anakula udongo, kweli kabisa, anauchota na kuuweka mdomoni, na wanaume wanne hawakuweza kumwinua.

Ngassa hakupiga kelele. Walionisimulia baadaye walisema aliongea kwa sauti ya mtu anayefikiri. Alisema vijana wote watatu walikuwa kwa Mama Kabula, yaani kwetu, jana jioni. Alisema mashine zake yeye zimekufa zote, lakini ile ya Mama Kabula inazidi kupata nguvu, na mtu mzima ajiulize inakula nini. Hakuna aliyejiuliza kama Namba Tisa nzima alikuwepo kijana asiyecheza gemu kwetu. Mtu mmoja akapiga mwano, lile yowe la Wasukuma la kuita watu kwenye jambo la kuua au kufa, ukapokewa kutoka kibanda hadi kibanda. Wanaume wakainuka pale kwenye maiti wakiwa na sururu walizochimbia.

Sisi tulikuwa ndani. Jua lilikuwa utosini na mashine ilikuwa imepumzishwa. Mama alikuwa akisafisha CD, anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, maana habari za Masanja zilikuwa zimetufikia. Mlango ulipigwa teke, ukaanguka pamoja na gunia lake bichi. Na hebu fikirini walichokiona. Chumba kimenyunyizwa maji. Katikati, juu ya matofali mawili, kuna kitu kimelazwa kimefunikwa sanda nyeupe. Kando yake kuna glasi, na ndani ya glasi kuna unyoya wa kuku mweupe.

Kelele waliyoipiga sijawahi kuisikia tena, na naomba nisiisikie. Tivii ilipinduliwa, ikapasuka. Mama alishikwa nywele, akaburutwa juu ya bati la mlango, na mpini wa sururu ukamshukia begani hata nikasikia mfupa. Alianguka, akapigwa teke ubavuni, akainuka, akapigwa tena. Sikio lake lilichanika kwa chini na damu ikamwagika kwenye blauzi yake ya njano. Nilikuwa chini ya benchi, nimejikojolea. Waliogopa kuigusa mashine kwa mikono, kwa hiyo waliisukuma nje kwa miti, na sanda yake ikiburuzika nyuma. Mwingine akazunguka nyuma ya kibanda na kurudi na dumu la petroli. Lilikuwa dumu letu, la jenereta.

Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kukaa ndani peke yangu.

Sungusungu wa Namba Tisa, walinzi wetu wa jadi, walikuwa na kamanda aliyeitwa Lubinza, mzee mkavu mwenye filimbi shingoni. Alikuwa amefika akihema na kuwaamuru wasubiri, si kwa huruma, ila mtu hachomwi kabla hajaulizwa. Huo ndio utaratibu. Akamwelekea mama, akamwita mayu, yaani mama, kwa heshima. Mpaka leo hilo linanishangaza, kwamba hata mtu anayekwenda kuuawa aliitwa kwa heshima.

"Mayu," alisema, "hiki ni kitu gani?"

Nilijua jibu. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni PS2, ya kwetu, tumeitoa Nyasubi, unyoya ni wa vumbi. Mama hakusema lolote kati ya hayo. Hakulia, hakuapa, hakutaja jina la Mungu. Aliwatazama mmoja mmoja, wateja wake wote, watu waliovua viatu mlangoni kwake.

"Naombeni nyundo," alisema.

Mama akafuta damu mdomoni. "Ninyi si mnasema ni ndagu? Basi sheria yake mnaijua kuliko mimi. Mwenye ndagu akiivunja kwa mkono wake mwenyewe, anaanguka hapo hapo. Nipeni nyundo. Nikianguka, hayo mafuta mtaimwagia maiti."

Ngassa akasema ni ujanja, wasikubali. Lakini ni kweli kwamba sheria hiyo ilijulikana. Kila mtu pale alikuwa na hadithi ya tajiri wa Geita au wa Kahama ambaye kibuyu chake cha dawa kilivunjika akafa akinywa chai. Na watu, tusidanganyane, walitaka kumwona akianguka. Lubinza alifikiri, akanyoosha mkono bila kutazama, akawekewa nyundo ya kuvunjia mawe. Akampa.

Mama aliinua ile nyundo kwa mkono mmoja, maana bega la pili lilikuwa limekufa. Pigo la kwanza lilipasua kifuniko. La pili lilikita ndani, na vitu vidogo vya kijani na fedha vikaruka. Alikuwa akipiga kwa mpangilio, kama mtu anayetwanga. Nikaliona jicho la mashine, ile lenzi aliyoifagia Jumapili zote, likitoka kwenye kiota chake likiwa limeshikwa na utepe mwembamba, linaning'inia. Hapo moyo wangu ukavunjika. Ile mashine ilikuwa ndiyo ugali wetu na ndugu yangu pekee. Nililala nikisikia feni yake, niliamka nikisikia feni yake.

"Mama usiiue!" nikapiga kelele. "Mama, inaumia! Mama, itakufa!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Mwanaume mmoja mwenye sururu akasema taratibu, "Msikieni mtoto." Na mwingine nyuma yake, "Kumbe karithishwa mtoto." Yule mwenye dumu alisogea hatua chache, na hakusogea kumwelekea mama. Alisogea upande wangu. Sikuelewa. Niliendelea kulia na kuiita ile mashine.

Mama akadondosha nyundo. Alikuja akichechemea, haraka, uso umebadilika, akanipiga kofi.

Hakuwahi kunipiga usoni kabla ya siku hiyo, na hakunipiga tena baadaye. Kofi lile liliniinua na kunitupa. Nilianguka mdomo wazi kwenye udongo, jino likalichana shavu kwa ndani, nikameza damu. Masikio yakalia. Akanifuata pale chini, akanisimamia, akaniinulia mkono tena.

"Nilikwambia ukae ndani!" alifoka. "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini mimi? Mtoto gani hasikii! Watu wana misiba yao, wewe unatoka kuzurura!"

Nililia. Nililia kwa kilio kile cha mtoto aliyepigwa, kinachokatika pumzi katikati, ambacho kila mzazi anakijua. Na mwanamke mmoja kutoka katika umati ule ule uliokuja kumchoma mama yangu, akiwa ameshika jiwe mkononi, akasema, "Basi mayu, inatosha, utaumiza mtoto." Mwingine akasema, "Watoto wa siku hizi ndivyo walivyo." Yule mwenye sururu akaishusha chini, akaegemea mpini.

Mama akarudi kwenye nyundo. Akapiga mpaka hapakuwa na kitu cha kupiga. Kisha akasimama wima juani, damu imemkauka shingoni, mikono ikining'inia, akasubiri aanguke, na wao wakasubiri aanguke. Jua lilikuwa kali. Nzi walitua kwenye sikio lake, hakuwafukuza. Mwisho akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ana kiu. Lubinza akampa kibuyu chake mwenyewe. Akanywa chote.

"Hajaanguka," Lubinza alisema. Akalirudia kwa Kisukuma, kwa wale wa nyuma.

Lakini watu waliopiga mwano hawarudi nyumbani hivi hivi. Walikuwa na maiti tatu kwenye turubai, na hasira iliyokosa pa kukaa. Macho yao yakamtafuta aliyewaleta pale. Ngassa alikuwa ameanza kurudi nyuma kidogo kidogo, na mtu mnene hajifichi kwa urahisi. Sikuona yote. Nilisikia kioo cha lile sanduku lake kikivunjika, kisha nikamsikia yeye. Walimvunja taya na mkono, wakaacha kwa uchovu. Mama aliyasikia yote hayo huku akifunga nguo zetu kwenye shuka kwa mkono mmoja. Jua halijazama tulikuwa juu ya lori la magunia ya mpunga, tunaelekea Kahama. Alijaribu kunipakata. Nikasogea mbali.

Na niliendelea kusogea mbali. Tulirudi Nyasubi, akarudi kwenye chapati, bega lake halikupona sawasawa na alijifunza kusukuma chapati kwa mkono wa kushoto. Nilikua. Nilipeleka matokeo mazuri nyumbani na kuyaweka mezani bila kusubiri asifie. Sikumruhusu kunisuka. Niliamini kwamba siku ile alikubali uongo wao, akamwua asiye na hatia ili wamridhie, na alipoona mtoto wake pekee ndiye anayesema ukweli, akamnyamazisha kwa kofi. Nilimwona mwoga. Nisameheni, lakini ndivyo nilivyomwona mama yangu, mwanamke aliyeomba nyundo mbele ya petroli.

Niliolewa, nikajifungua binti. Mama alikuja kuniogeshea mtoto, na mchana mmoja, akiwa amempakata kwenye taulo, nilimwuliza. Hata sijui kwa nini siku ile. Nilimwuliza kwa ukali, kama polisi, kwa nini alinipiga.

Alimkausha mtoto vidole kwanza. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunieleza, kwamba yeye amekulia Kishapu, si mbali na Mhunze, na kwamba mama yake alikuwa na macho mekundu. Kule kuni ni za shida, wanapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe, na moshi wake unaharibu macho ya wanawake wote. Lakini ng'ombe wa jirani walikufa, na wakayatazama macho ya bibi. Walikuja na mapanga. Bibi alipiga magoti, akaapa, akaomba, akawaita kwa majina, na hiyo haikumsaidia. Walivunja kibuyu chake cha kusukia maziwa wakisema ndimo alimoweka dawa. Mama alikuwa amejificha nyuma ya zizi. Mdogo wake, mtoto aliyeanza tu kutembea, alikuwa nje, akaona maziwa yakimwagika, akakililia kile kibuyu.

"Mmoja akasema, huyu ndiye aliyerithishwa," mama alisema. "Wakammaliza bibi yako. Halafu wakamgeukia yeye."

Alimfunika binti yangu vizuri, akamfuta maji nyuma ya masikio.

"Siku ile nilikuona unailia mashine. Kilio kilikuwa kimeshatoka, mwanangu, na kilio hakirudishwi. Nikakitafutia sababu nyingine."

Nilikaa pale kitandani, mtu mzima mwenye elimu yake na mtoto wake, nikajaribu kukumbuka jina la yule mwanaume aliyeshika dumu, au la yule aliyemburuta mama kwa nywele. Sikukumbuka hata moja. Wote nilikuwa nimewasahau zamani. Kofi peke yake ndilo nililolitunza.